Chumvi Niliyoacha Kula

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo nanyi nawaitikia marahaba kabla hamjasema, maana naona wengine leo ndiyo mara yenu ya kwanza na mna haya. Msiwe na haya. Humu darasani hakuna aliyekuja kwa sababu mambo yalimnyookea.

Mwenyekiti wa kikundi chetu amenipa dakika ishirini. Mimi ni mtu ambaye zamani, ugonjwa ukinipandisha, nilikuwa nasema siku nne mfululizo bila kuweka kituo, kwa hiyo dakika ishirini kwangu ni mtihani. Mkiona nazidi, mmoja akohoe, nitaelewa. Na kama tulivyokubaliana, simtaji mtu kwa jina. Nitasema shangazi, nitasema binti yangu, nitasema mkwe. Na yuko mmoja nitamwita kurwa, kwa kuwa ndivyo alivyo. Sisi tulizaliwa pacha. Yeye alitangulia kutoka, ndiye kurwa, mimi nikafuata, ndiye doto. Tumefanana mno. Tulipokuwa wachanga mama alikuwa akitufunga uzi mkononi, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, asije akamnyonyesha mmoja mara mbili na mwingine akalala na njaa.

Kazi yangu ni chumvi. Wengi wenu mmepita karibu na mashamba ya chumvi ya kwetu Bagamoyo lakini hamjaingia. Maji ya bahari tunayaingiza kwa mlango kwenye bwawa la kwanza. Yakishapigwa na jua tunayafungulia yaende la pili, kisha la tatu, na kila yanapohama yanazidi kuwa mazito, mpaka yanafika kwenye vitalu vya mwisho ambako chumvi inaganda. Hapo ndipo tunaikwangua na kuirundika. Nimeifanya kazi hiyo tangu nina miaka kumi na tisa. Cheti changu ni huu mgongo.

Ndugu zangu, nawaambia mapema ili msije mkadhani nasimulia habari za mtu aliyepona akasahau. Sijapona. Nina ule ugonjwa wa kupanda na kushuka, ambao madaktari wanauita baipola, na kila siku nameza vidonge vya lithiamu. Nilichopata ni kutulia. Na huko kutulia, pamoja na roho yangu, nusura nivipoteze vyote viwili kwa sababu ya chumvi.

Ulianza nikiwa na miaka thelathini na moja, mwaka aliofariki mume wangu. Eda ilipokwisha watu walitegemea niendelee kulia kidogo kidogo kama watu wengine. Mimi nikachangamka. Nikawa silali na sichoki, nakwangua chumvi ya watu watatu huku nacheka. Nawaambia ukweli, sijapata tena furaha kama ile mpaka leo, na ndiyo maana naiogopa. Basi nikaamua nitasoma maulidi makubwa ya kumrehemu marehemu. Nikatoka kwa miguu kualika. Nikaalika mtaa mzima, nikaja hapa Zinga nikaalika, nikapanda gari mpaka Kiwangwa nikaalika watu waliokuwa wanapakia mananasi ambao hata hawanijui. Nyumbani sikumwambia mtu hata mmoja.

Siku ikafika. Baada ya swala ya alasiri watu wakaanza kuingia, wamevaa kanga mpya na kanzu zilizopigwa pasi, mwalimu wa madrasa kaja na vijana wake wa dufu, na nyumbani hakuna jiko lililowashwa. Hakuna hata jamvi lililotandikwa. Mimi niko uani nachekecha mchanga, nataka uwe mweupe. Ndiyo, chekeni, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini mnaijua pwani. Kumwalika mtu nyumbani kwako ukamrudisha na njaa ni aibu inayofuata mpaka wajukuu. Majirani walikimbizana kutafuta mchele. Wageni hawakunitukana, walinionea huruma, na ile huruma yao niliikumbuka kila siku nilipoanza kushuka.

Nilishuka miezi mitano. Nililala nimeelekea ukutani. Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, ndiye aliyekuwa ananichana nywele. Nilitaka kufa. Nalisema waziwazi kwa kuwa najua humu wamo waliotaka, na pengine yumo anayetaka leo. Kama yumo, asitoke humu bila kuzungumza na mmoja wetu.

Miaka saba nikaishi hivyo, napanda, nashuka, nafukuzwa kazi, narudishwa kwa kuonewa huruma. Mpaka muuguzi mmoja, jirani yetu, akanishika mkono akanipeleka hospitali kwa daktari wa maradhi ya akili. Ndipo nikaanzishiwa lithiamu. Daktari akanieleza masharti yake taratibu. Damu nipimwe mara kwa mara, kwa sababu dawa hii ikipungua haifanyi kitu na ikizidi ni sumu, na baina ya hapo nafasi ni nyembamba. Ninywe maji ya kutosha, hasa nikiwa juani. Na katika chakula nisizidishe chumvi wala nisiipunguze ghafla.

Nilimcheka. Nikamwambia, daktari, mimi chumvi hata upepo unanilambisha. Yeye hakucheka. Akasema lithiamu nayo ni namna ya chumvi, na figo zinazichuja hizi mbili pamoja. Chumvi ya chakula ikikosekana mwilini, figo zinaing'ang'ania lithiamu badala ya kuitoa, nayo inajaa kwenye damu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikatoka pale nimekumbuka kitu kimoja tu, kwamba nimeze vidonge.

Nikameza. Miaka sita nikawa mtu. Nilikuwa nalala, nahuzunika kwa kiasi, nafurahi kwa kiasi, nagombana na watu kwa sababu zinazoeleweka.

Kisha ikaja posa ya binti yangu.

Kwetu posa haijibiwi siku ileile. Kila upande unatuma mtu mzima kuulizia upande wa pili: ni watu wa wapi, dini yao ikoje, na je, katika ukoo kuna maradhi? Pumu watu wanaivumilia. Kisukari siku hizi nani hana? Kinachoulizwa kwa sauti ya chini ni wazimu. Kijana alikuwa mzuri, anampenda binti yangu na binti anampenda, wamesoma pamoja. Mimi nilijua mwulizaji akifika mtaani kwetu, mtu wa kwanza atakayemkuta atamsimulia habari za maulidi yasiyo na wali.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mkubwa wetu katika mambo ya ndoa. Akaja akafunga mlango. Akaniambia njia ziko mbili tu. Ama ni wazimu wa damu, na wa damu unafuata watoto, basi binti haolewi. Ama ni jini, na jini ni mgeni, mgeni anaagwa akaondoka, wala si aibu, nyumba gani haijapata mgeni? Kisha akanipa ushahidi wake. Wewe na kurwa, alisema, mmelala tumbo moja, damu moja, sura moja. Ingekuwa ni damu, yeye angekuwa nao. Yeye yuko Miono analima mihogo yake, hajaugua hata siku moja. Kwa hiyo wewe una mtu amekukalia.

Ndugu zangu, msimcheke shangazi. Hoja yake ilikuwa imekaa sawa kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishi na swali hilo miaka kumi na tatu: kwa nini mimi, kwa nini si yeye? Sikumtakia mabaya, lakini niliuliza.

Tukaenda kwa fundi mmoja wa kuagua majini, huko ndani. Akasema jini ni wa baharini, kanidaka kwenye mashamba ya chumvi, na chakula chake ni chumvi. Mwiko ni siku ishirini na moja: kazini niende, lakini chumvi isipite mdomoni. Si kwenye mchuzi, si kwenye uji, na ng'onda, yule samaki wa chumvi, nisimguse. Siku ya mwisho jini ataagwa, nasi tutawaambia wakwe kwa moyo mweupe kwamba alikuwepo, na ameondoka.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa maana kosa la shangazi si hili, wala la fundi si hili. Mimi sikuacha vidonge. Nilijiona mjanja. Nikasema nitafuata yote mawili, moja likishindwa jingine litashika. Fundi sikumwambia nameza dawa ya hospitali, asije akakataa. Muuguzi sikumwambia nina mwiko, asije akanigombeza. Kila mmoja nilimpa nusu ya habari. Na ulikuwa msimu wa kuvuna, jua la kupasua kichwa, natoka jasho toka asubuhi mpaka mchana. Jasho linatoka na chumvi, mdomoni hairudi, na kila siku nameza lithiamu yangu kwa uaminifu.

Siku ya tano mikono ikaanza kutetemeka. Ya saba nikaharisha na kutapika. Ya tisa nikawa natembea nimepanua miguu kama mtu aliyelewa, na ulimi mzito, nikiita jina la binti yangu linatoka nusu. Ningekuwa peke yangu labda ningeshtuka. Lakini kila dalili iliyokuja, shangazi alifurahi. Anatetemeka, anataka kutoka. Anatapika, anatoka huyo. Akawaambia na jirani kwamba kazi inakwenda. Nami nilikuwa nafurahi naye. Nilikuwa nakufa, na sote wawili tunahesabu siku kwa matumaini.

Siku ya kumi na mbili, kama saa nne asubuhi, kurwa akaingia kutoka Miono. Alikuwa amekuja kusaidia maandalizi ya kupokea wakwe, kabeba korosho. Alinikuta uani nimelala ubavu, nusu kwenye mkeka nusu kwenye udongo, nasema maneno yasiyoeleweka. Haya nasimuliwa, mimi siyakumbuki. Shangazi akamwambia asinisogelee, nisivurugiwe kazi. Kurwa ni mtu mpole. Hajawahi kumjibu shangazi tangu tuzaliwe. Siku hiyo alijibu.

"Shangazi, nakuheshimu," alisema. "Lakini uso huu ni wangu. Najua unavyokuwa ukiwa mzima. Huyu anakufa."

Akaita bajaji. Shangazi akapanda naye, nampa haki yake.

Hospitali wakanitazama mikono, wakanitazama macho, wakachukua damu. Daktari akawauliza, huyu ameongeza vidonge? Binti yangu alikuwa amefika, akasema hapana, yeye ndiye anayevihesabu. Ana homa? Hana. Daktari akauliza mara ya pili, taratibu: "Kuna kitu chochote ameacha kula?"

Kurwa hajui, kaja leo. Binti anajua lakini yuko mbele ya mkubwa wake. Aliyejibu ni shangazi. Alisema neno moja tu: "Chumvi."

Yule mama angeweza kunyamaza. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, heshima yake yote ilikuwa mle. Nawaambia, mpaka leo nikimkasirikia namkumbuka siku ile, hasira inaisha. Kwa neno lile wakajua wanapambana na nini. Wakasimamisha lithiamu, wakanitundikia dripu, na dripu yenyewe ni maji ya chumvi. Nilirudishiwa kwa mshipa kile nilichojinyima kwa mdomo. Figo zangu zilikuwa zimechoka lakini hazikufa. Siku ya nne nikatamka jina la binti yangu zima.

Nilipopata nafuu daktari akaja, nikamuuliza lile swali langu la miaka. Kurwa yuko pale pembeni ya kitanda, nikamwonyesha kwa kidole: daktari, tazama sura hizi mbili. Kama ni damu, mbona yeye hana? Na kama si damu, ni nini?

Akavuta kiti. Akasema kila mtu anapewa na wazazi wake vinasaba, ambavyo ni kama maandishi ya kuujenga mwili. Sisi wawili tulipewa maandishi yaleyale. Lakini juu ya maandishi hayo maisha yanaweka alama ndogo ndogo zinazoamua kipi kisomwe na kipi kifumbwe. Njaa ya utotoni, kipigo, hofu, msiba, kukosa usingizi, vyote hivyo vinaweza kuacha alama, na maandishi yenyewe yasibadilike hata kidogo. Elimu hiyo ina jina lake, epijenetiki. Kwa hiyo, akasema, huenda pacha wako amebeba maandishi ya ugonjwa kama wewe, ila kwake hayakusomwa.

Nilikaa nikafikiri. Nikamwambia, kwa hiyo ni milango. Akaniuliza milango gani? Nikamweleza. Mashamba mawili yamechimbwa na mtu mmoja, kwa ramani moja, bega kwa bega. Moja bahari iliyochafuka ililipiga mapema, mlango wake ukavunjika, maji yanaingia yanavyotaka. Jingine mlango wake ulishikwa vizuri. Ukitazama yalivyochimbwa huoni tofauti. Daktari akasema mfano huo ataukopa.

Nikamuuliza, na lithiamu, inafunga ile milango? Akasema huenda. Watafiti wameona dalili kwamba dawa hii nayo inagusa baadhi ya alama hizo, na huenda hiyo ni mojawapo ya sababu inamtuliza mmoja vizuri na mwingine haimfai. Lakini bado wanachunguza, hawezi kuniapia. Alisema huenda mara nyingi mpaka nikaanza kumwamini. Watu wote walionidanganya katika ugonjwa huu walikuwa na uhakika.

Halafu akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia. Mlilelewa pamoja? Tukatazamana. Hatukulelewa pamoja. Mama alifariki tukiwa na miaka sita. Bibi yetu wa Miono akaja kuchukua mtoto, na uwezo wake ulikuwa wa mmoja. Akamchukua kurwa, mimi nikabaki mjini. Nyumba niliyobaki sitaisema sana, waliokuwamo wameshatangulia mbele ya haki. Niseme tu kwamba nilijifunza kula haraka kabla sahani haijaondolewa, na mpaka leo mlango ukibamizwa nainama.

Daktari alipotoka kurwa akaanza kulia. Nikadhani analia kwa ajili yangu. Akasema, "Bibi alichukua mgonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa nakohoa. Alisema huyu mzima atavumilia. Miaka yote nikisikia umeugua, najiona nilikuibia."

"Hukuiba," nikamwambia. "Ulikuwa unakohoa."

Tulilia sote, kisha tukacheka, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akatuuliza kama kuna habari njema. Nilikuwa nimemwonea wivu dada yangu kwa afya yake, naye alikuwa anaibeba kama dhambi. Hatukuwahi kuambiana. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko sindano zote.

Jioni ile binti yangu akauliza lile lililokuwa linanisubiri. "Na mimi, mama?"

Nikamwambia kama nilivyoambiwa. Kwamba hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu ambaye mama yake hana, lakini wengi wa watoto wa watu kama mimi hawaupati. Kwamba hakuna kipimo cha kumwambia leo atakuwa upande gani. Kwamba usingizi, utulivu na kutoishi na hofu vinasaidia, na dalili zikija mapema dawa ipo. Nikamwomba radhi kwa kumficha miaka yote vidonge vile ni vya nini. Akanitazama.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuchana nywele," alisema. "Ulidhani nilikuwa nadhani ni nini?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipogeuka. Watu wanadhani niligeuka kwenye dripu. Hapana. Ni pale nilipoona kwamba nilimficha mtu aliyekuwa anajua, na kwa kumficha nilimwacha aogope peke yake miaka kumi na tatu. Nikasema basi, sifichi tena, iwe iwavyo.

Kesho yake mkwe akaja kuniona, mama wa yule kijana. Alikuja na chupa ya uji, kajitanda vizuri. Shangazi alikuwa amempelekea habari kwamba ni malaria. Akanipa pole ya malaria. Shangazi kanikazia macho. Binti yangu kasimama dirishani, na furaha yake yote iko mdomoni mwangu. Nilimtazama yeye kwanza. Akaitikia kwa kichwa.

Nikasema, mkwe, si malaria. Nikamwambia yote, maulidi, ukutani, lithiamu, mwiko wa chumvi. Nikamwambia ni ugonjwa, si mgeni, hauagwi, unatunzwa. Nikamwambia uko katika damu lakini si hukumu, na kwamba binti yangu ni mzima na anayajua yote.

Mkwe alichukua mkoba wake. Akasema, "Pona kwanza," akaondoka.

Siku tisa hakuna neno kutoka kwao. Shangazi hakunilaumu, alikuwa anapita anapumua tu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kufa. Nikamwambia binti yangu, nimekuharibia. Akasema akiikosa ndoa kwa kusema kweli atalia, atanyamaza. Akiipata kwa uongo hatalala usingizi, na daktari amesema alale. Nikaona huyu mtoto ananizidi akili.

Siku ya kumi mkwe akabisha hodi, peke yake. Akakaa jamvini, kahawa hakuigusa. Akasema yeye ndiye aliyemtuma mtu kuulizia maradhi ya kwetu, na alimtuma haraka, ili sisi tusipate nafasi ya kuulizia ya kwao. Kisha akanieleza habari ya mtu wa nyumbani kwao. Siisemi, ni habari yake. Niliona tu kwamba hajawahi kumwambia mtu, maana maneno yalikuwa yanatoka bila mpangilio. Tulikaa mpaka adhana ya adhuhuri.

Ndoa ilifungwa mwezi wa Mfunguo Tatu. Safari hii wali ulikuwepo. Sasa binti yangu ni mjamzito, na sisi wakwe wawili tumejipa kazi moja: alale, ale vizuri, na nyumbani mwake asiinuliwe sauti. Mtoto atachimbwa kama atakavyochimbwa, hilo haliko kwetu. Milango tutaishika kadiri ya uwezo wetu.

Mimi lithiamu nilirudishiwa, kipimo kidogo kuliko cha kwanza, na damu inapimwa. Ramadhani nilimuuliza daktari nikamuuliza na sheikh; wote wawili wakaniambia nisifunge, nitoe fidia, nikalia kidogo nikakubali. Na msitoke hapa mkala chumvi kwa koleo, ikizidi nayo inaitoa dawa mwilini. Iwe sawasawa, kila siku vilevile. Shangazi yangu sasa ndiye anayeonja mchuzi wangu, na kama haujakolea ananisema mpaka najuta. Namshukuru. Namshukuru muuguzi aliyenishika mkono, na daktari aliyesema huenda. Namshukuru kurwa, ambaye yuko njiani anakuja na gari limemharibikia, kwa hiyo mkimwona mlangoni msidhani nimetoka nikarudi.

Nililojifunza ni hili. Anayekutibu mpe habari nzima. Ukiwa na mwiko, sema. Ukiwa na funga, sema. Ukiwa umeenda kwa fundi, sema, hata ukigombezwa. Kugombezwa ni dakika tatu. Na wa nyumbani kwako waambie, kwa sababu wanajua, na wanaogopa peke yao.

Nimalizie. Humu ndani yuko mama mmoja aliyekuja leo kwa mara ya kwanza. Asubuhi tulipokuwa tunapanga madawati aliniambia kwamba nikimaliza, nikikaa, atajaribu kusimama. Sikumshawishi, na akibadili nia hakuna atakayemuuliza.

Basi, mimi nakaa.